Chapati za Umeme Ndani ya Eda

Zainabo amekufa. Amekufia Mtwara, kwa maradhi ya sukari, kitandani nyumbani kwa mwanawe, juu ya shuka safi. Habari aliniletea Rabia, jirani aliyenipa kibanda uani kwake tangu turudi Mocímboa. Nilikuwa nachambua mchele. Alikuja akakaa juu ya kinu, akanishika goti kama watu wanavyomshika mfiwa. "Pole, dada Anchia," akasema. "Wifi yako katutoka." Nikasema inna lillahi, kwa kuwa hilo ni la Mungu si la Zainabo, nikaendelea na mchele wangu. Rabia akangoja machozi. Alipoona hayaji akaanza wimbo ule wanaouimba wote hapa, kwamba Zainabo ndiye aliyeniokoa. Kwamba asingenitoa katika nyumba ya marehemu mume wangu, basi siku wale wa msituni walipoingia mjini wangenikuta mumo, na leo ningekuwa mifupa. "Mungu ana njia zake," akasema. "Alimfanya yule mama kuwa sababu." Neno hilo nimelisikia kwa wengi, na kila nikilisikia natamani kummwagia maji anayelisema. Mtu akikusukuma kisimani, na wewe ukiwa kisimani nyumba yako ikaungua, utapanda juu umbusu mkono? Mungu hakumtuma Zainabo. Zainabo alijituma mwenyewe. Mie shule niliishia darasa la tatu, lakini hilo sihitaji kufundishwa. Basi nitausema mwaka ule ulivyokuwa, na waliohusika nitawataja kwa majina, maana wao walilitaja langu mbele ya watu.

Nyumba yenyewe ukiiona kwa nje usingesema ni ya kugombewa. Matofali ya kuchoma, bati, chumba kimoja cha kulala, sebule, na nyuma uani kibanda cha jiko. Lakini matofali yale tuliyafyatua wawili, Saide na mimi, yeye akikanyaga udongo na mimi nikichota maji, na kila tofali nililijua kwa mkono. Ubaya ulikuwa mmoja: kiwanja kilikuwa cha baba yake. Kwetu mwanamume ndiye anayekwenda kukaa ukweni, na mama yangu aliponiona nabeba matofali kuyapeleka kwa watu aliniuliza kama nimerogwa. Nilimjibu kwamba Saide ni Saide. Alinyamaza. Mama alikuwa akinyamaza, ujue ameshasema.

Umeme ulipofika mtaani kwetu, fundi alitutilia balbu mbili na tomada moja tu, yaani pale pa kuchomekea. Aliiweka sebuleni, ukutani, hatua chache kutoka mlango wa mbele, kwa ajili ya televisheni ambayo hatukuwahi kuinunua. Jikoni hakuweka kitu, na hakuna aliyemwomba. Nani anapeleka umeme jikoni? Jikoni kuna mkaa. Naieleza tomada hii kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyonipoteza. Ingekuwa chumbani kwangu, leo ningekuwa naandika mambo mengine, au nisingeandika.

Saide alikuwa akifua mashuka katika kambi ya wafanyakazi wa gesi, upande wa Palma, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Siku moja mama mmoja mkubwa wa kazi kule alikuwa anarudi kwao Ulaya, akagawa vyombo vyake kwa wafuaji. Wenziwe Saide waligombea redio na sufuria. Yeye akachukua kitu ambacho hakuna aliyekijua, akaja nacho amekifunga katika shati. Kilikuwa kama kikaango cheusi kilichobinuka, tumbo juu, kina mkono mmoja na kitako chake. Kitako kina waya, ndicho kinachochomekwa ukutani. Kikaango unakikalisha juu ya kitako hadi taa nyekundu izimike, kisha unakinyanyua, unakigeuza kifudifudi, unakibusisha ndani ya sahani ya uji wa unga, unakigeuza tena, na uji umekwisha kuganda juu yake, mwembamba kama kitambaa cha kilemba.

"Nini hii?" nikamwuliza.

"Ya kupikia chapati za maji. Wenyewe wanaziita krepe."

"Chapati za maji zina chuma chake, kiko jikoni."

"Hii haina moshi."

"Bila moshi itakuwa na ladha gani, Saide? Ya shuka?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Siku ile tulipoteza unga wote wa nyumba. Mimi nilifanya kosa la kila mpishi wa pwani: nilitia tui la nazi. Chapati za maji za kwetu bila tui si chapati, ni adhabu. Lakini kikaango kile kilikuwa laini kama ngozi ya mtoto, na mafuta ya nazi yakawa yanauteremsha uji wote. Nikikigeuza, uji unaporomoka na kurudi sahanini kama samaki aliyeponyoka. Nikaongeza unga, ukawa mzito, ukaganda kama matope ya matofali. Saide yuko mkekani anafuta machozi ya kucheka. Ilinichukua safari kadhaa za kurudi kwake nyumbani hadi nikajua: unga, yai, chumvi kidogo, maji, tone la mafuta, basi, uukoroge, uuache ulale mpaka mapovu yafe. Busisha, pumua mara mbili, geuza. Ukingo ukianza kujikunja kama sikio la paka, imeiva. Ya kwanza huharibika daima, hiyo ni ya kuku. Tuliila kwa sukari na ndimu, na tukipata asali ya kijiji cha Mute, kwa asali. Saide alikuwa anaikunja mara nne kama leso, anaitia mdomoni nzima, macho amefumba. Tulikuwa tunakaa sakafuni pale kwenye tomada, mlango wazi upepo uingie, mie nageuza, yeye anakula, na wapita njia wanaulizia kuna harufu gani hiyo. Sijala chakula kitamu kuliko hicho tena, na sitaki mtu anambie kwamba nitakula.

Alikuwa njiani kurudi nyumbani gari lao liliposimamishwa na wale wa msituni kabla ya kufika Mute. Waliomleta walimleta katika turubai, wakanikataza nisifunue. Zaidi ya hapo sisemi.

Aliyenitia eda alikuwa Bi Atija, mama mtu mzima aliyenifunda nilipokuwa mwali. Kwa asiyejua, mjane wa kwetu anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajifukizi, hatoki, na wanaume wasio maharimu wake hawamwoni. Nilivishwa nyeupe, kioo kikageuzwa uso ukutani, pazia likashushwa kati ya chumba na sebule, nikaanza kuishi kwa masikio. Zainabo, dada yake mkubwa Saide, alikuja siku ya pili na mkeka na sufuria yake. Alisema hawezi kuniacha peke yangu. Alikuwa na sauti nzuri mwanamke yule, sauti ya kubembelezea mtoto, na alipolia kwa ajili ya ndugu yake alilia kweli. Sitamnyima haki hiyo. Alinipikia uji, alinisuka nywele, alinifulia. Wageni wakija alikaa nao sebuleni, nami nyuma ya pazia nilisikia vijiko, kikohozi, na maneno ya watu wanaosahau kuwa pazia si ukuta.

"Masikini, hakumwachia hata mtoto," mmoja akasema.

"Sasa atakaa na nani humu?"

"Atakaa? Nyumba ya watu hii. Wataigawa."

"Waigawe vipi na chumba kimoja? Mmoja achukue mlango, mwingine dirisha?"

Wakacheka, kisha wakakumbuka walipo, wakasoma kitu cha dini. Mimi kitandani nikashika ukuta. Nilijua tangu siku hiyo kinachotafutwa. Sikulilia mali. Nilikuwa nataka kubaki ndani ya matofali yangu, basi. Nilijiambia: kaa eda yako vizuri, Anchia, isiwe na doa, wasipate pa kushika.

Na sasa sikiliza namna mtu anavyotafutiwa pa kushikwa. Alasiri moja Zainabo aliingia chumbani na kikaango chetu mkononi, anakifuta kwa ncha ya kanga. "Wifi, hiki chombo cha marehemu kinaliwa na vumbi. Wageni kila siku nawapa chai kavu. Hebu tupikie zile krepe zake, tumrehemu."

"Mie nina eda, wifi."

"Eda inakukataza kupika?"

"Inanikataza sebuleni."

"Pazia la mlango wa mbele nitalishusha. Kuhudumia nahudumia mimi. Weye pika tu, ukimaliza rudi ndani."

"Basi tuvute waya uje huku chumbani."

"Nitamwambia Momade alete waya mrefu," akasema. Momade ni mwanawe. "Kesho."

Waya ule ulikuwa wa kesho siku zote. Kesho duka limefungwa, kesho Momade ana homa, kesho waya umekuja lakini ni mfupi. Mie sikutaka kutegemea akili yangu, nikamwuliza Bi Atija. Alikuwa anatafuna tambuu, akaihamisha shavu moja kwenda la pili, akasema: "Kupika si kosa. Kosa ni kuonekana. Pika haraka." Nikalishika neno hilo kama hirizi. Nikatoka nimejifunika hadi nyusi, nikachuchumaa pale kwenye tomada, uso ukutani, nikawa napika.

Nisiseme uongo, zile alasiri zilinipa pumzi. Mkono wangu ulikuwa umekaa bure muda mrefu, na mkono ukikaa bure unashika mawazo. Nilikuwa nakoroga uji wangu chumbani asubuhi, naufunika, naugusa kila nikipita kuona kama mapovu yamekufa. Alasiri taa ikizimika nabusisha, nageuza, naibandua, nampa Zainabo ananyunyiza sukari na ndimu. Sifa zikaenea mtaa mzima. Wanawake waliokwisha kutoa pole wakarudi kutoa pole tena, na wengine walimlilia marehemu ambaye hawakuwahi kumwamkia alipokuwa hai. Mama Sifa wa sokoni aliinyanyua krepe yake kwenye mwanga akasema, "Mkate huu ukiuweka machoni unamwona mumeo alipo."

"Basi nipeni miwili," akasema mwenzake. "Wangu analala kwa watu wawili."

Nilicheka. Nilicheka na uso ukutani, mabega yanatikisika, wakadhani nalia. Zainabo akanipapasa mgongo. Mkono ule ule uliokuja kunitoa nyumbani.

Wanaume walikuja baadaye. Wa kwanza alikuwa mwalimu Sumail, baba mdogo wake Saide, aliyekuwa anasomesha watoto chuoni karibu na msikiti na ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Wa pili alikuwa Tomasi, sekretario wa mtaa, mtu wa bara ya juu huko, Mkristo, mwenye kicheko kinachofika kabla yake. Mwanzo walikaa barazani, Zainabo akawapelekea sahani nje. Kisha jua likawafuata barazani, wakaletwa ndani. Kisha Zainabo akasema kuna joto, akalichukua pazia la mlango wa mbele akalitundika juu ya msumari. Mie nimechuchumaa, kikaango kimegeuzwa, uji unachuruzika.

"Wifi," nikamnong'oneza, "kuna wanaume."

"Mwalimu ni baba yako," akajibu kwa sauti ya wote kusikia. "Na huyu ni serikali. Serikali haina macho."

"Serikali ina tumbo, mama," Tomasi akasema, na nyumba nzima ikacheka.

Nilitaka kuinuka. Lakini mwalimu Sumail, na hili nalisema mbele ya Mungu wangu, alisema, "Tia nyingine, mwanangu. Kila anayekula humu, marehemu anapata thawabu." Mwalimu akikwambia mumeo anapata thawabu, utaweka chini kikaango? Niliendelea. Nikawa naendelea kila walipokuja, na walikuja sana. Mwalimu alipenda zilizokolea asali. Ikimdondokea ndevuni alikuwa anaitafuta kwa ulimi.

Siku moja nilirudi chumbani mapema, unga ulikuwa umekwisha, nikawasikia yeye na Zainabo wamebaki wawili sebuleni. "Momade wako anataka kuoa," mwalimu alikuwa anasema. "Atampeleka mwenziwe wapi? Barabarani?" Zainabo akasema: "Acha kwanza wifi atoke eda, baba. Ana haki zake." Nilimpenda kwa neno hilo. Niliona: kumbe kuna mtu mmoja upande wangu. Kesho yake nilimkunjia krepe ya peke yake, nikaitia asali ya mwisho niliyokuwa nayo, ile ya Mute aliyoileta Saide kwa mkono wake. Akaila yote. Mpaka leo sijui alisema vile kwa sababu alijua nasikia, au kwa sababu siku ile alikuwa bado hajaamua. Rabia anasema nichukue la pili. Rabia ana moyo mzuri na hakuolewa kwa akina Saide.

Eda ikaisha. Asubuhi ya kutolewa, Zainabo na Bi Atija walinizungushia mikeka uani, wakaniogesha kwa maji yaliyolazwa mrehani. Bi Atija ananuia na kumimina, Zainabo anasugua. Alinisugua visigino kwa jiwe, taratibu, kimoja kisha cha pili, kama mtu anayesafisha kitu atakachokaa nacho. "Umekonda, wifi," akasema. "Sasa tutakunenepesha." Nikapakwa mafuta ya nazi, nikafungwa kanga mpya, doti nzima, inanuka duka bado. Nikaonyeshwa kioo. Halafu akanishika mkono, akanitoa chumbani na kunipeleka sebuleni, na mle sebuleni nikawakuta wamekwisha kukaa: mwalimu Sumail juu ya mkeka, Tomasi juu ya kiti, wazee wawili wa msikitini, na Momade amesimama mlangoni anakwepa macho yangu. Nilidhani wamekuja kula karamu ya kutoka eda. Niliwaza hata kuwa unga sijaukoroga.

Mwalimu alianza kwa dua ndefu. Kisha akasema kuna jambo limefika kwake na hawezi kulikalia, akamwita Zainabo aseme. Zainabo akainamisha kichwa. "Sikupenda kusema," akasema kwa sauti ile nzuri, "lakini kaburini nitaulizwa. Huyu eda ya ndugu yangu hakuikaa. Alikuwa hapa sebuleni karibu na mlango, mlango uko wazi, anapika chapati na wanaume wanamtazama."

"Wanaume?" mwalimu akauliza, kama mtu anayesikia habari ya nchi nyingine. "Yupo aliyeona?"

Tomasi akajikuna shingo. Kwa heshima yake nasema hakucheka siku ile. "Sheria zenu mie sizijui," akasema. "Lakini kuona, nilimwona. Hilo siwezi kulikana."

Wazee wa msikitini wakasema astaghafirullah. Mwalimu akafuta uso kwa viganja, akatoa hukumu yake: mwanamke asiyekaa eda ya mume hana chake kwa mume, na nyumba inarudi kwa damu. Miaka michache baadaye, kambini tulikokimbilia, alikuja shehe mmoja kijana kuwasomesha wanawake, nikamwuliza habari hii bila kutaja majina. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Alisema eda ni kitu kimoja na mirathi ni kitu kingine, na kwamba hata ningetembea sokoni bila kanga, fungu langu lilikuwa langu. Nikamwomba arudie. Akarudia. Mwalimu Sumail alikuwa anajua kusoma vitabu vile vile anavyosoma shehe yule. Basi alijua.

Waliniuliza kama nina neno. Nilikuwa nalo moja, lilikuja lenyewe, kutoka miguuni, maana visigino vilikuwa bado vinawasha kwa lile jiwe. Nikasema: "Kama eda sikuikaa, leo asubuhi mmenitoa katika nini? Aliyevunja eda haogeshwi. Bi Zainabo kanisugua kwa mikono yake. Bi Atija kaninuilia. Mmeniosha nini, wazazi wangu?"

Mmoja wa wale wazee aliinua uso, nikaona kabisa kwamba limemgusa, kwa sababu kila mtu wa kwetu anajua jambo hilo, halihitaji kitabu. Zainabo akamtazama Bi Atija. Bi Atija, aliyenifunda, aliyeniambia kupika si kosa, angesema neno moja tu, ingekwisha. Aliihamisha tambuu yake shavu moja kwenda la pili. Na mwalimu Sumail, akaona ile nafasi inataka kukua, akainua mikono haraka, akasema, "Al-Fatiha."

Aliyelelewa kwingine hatanielewa hapa. Kwetu ikitajwa Fatiha maneno yamekwisha. Anayesema baada yake anasema juu ya Mungu. Mikono inainuka yenyewe, tangu utoto imezoeshwa. Mikono yote mle ndani iliinuka, hata Tomasi aliinamisha kichwa, na mie niliangalia chini nikaona mikono yangu nayo iko juu, viganja wazi, vinang'aa mafuta ya nazi. Midomo yangu inasoma. Nikasema amina pamoja nao. Wazee wakauliza nje baadaye, je, mwenyewe alikubali? Wakajibiwa: alisema amina. Nilisoma Fatiha juu ya nyumba yangu mwenyewe kama mtu anayemzika maiti wake.

Nilitoka siku hiyo hiyo, na ile kanga mpya mwilini. Nilipoinama kuchukua kikaango Zainabo akasema, bila ubaya, kama mtu anayekumbusha, "Hicho ni cha marehemu, wifi." Nikakiacha. Nilikwenda Namoto kwa mama yangu mkubwa, juu ya lori la papa wakavu, nikakaa huko nauza vitumbua kwa wavukaji wa mto Rovuma. Huko ndiko habari za mji wetu zilikonikuta, kabla nasi hatujakimbilia kambini. Mwalimu Sumail waliomzika hawakumzika mzima. Bi Atija miguu ilimwishia porini, wakamwacha chini ya kichaka na kibuyu cha maji. Tomasi sijui aliko. Zainabo na mwanawe walivuka. Watu wakinihadithia hayo wananitazama usoni kuona kama nafurahi. Sifurahi. Nilitaka wawe hai wote, wakae barazani wazeeke, nipite mbele yao kila siku nisiwaamkie.

Zilipopita siku arobaini za Zainabo, Momade alikuja Mocímboa. Ndevu zimemjaa, ana watoto sasa. Alinikuta kwa Rabia, akanisalimu kwa adabu zote, mkaza mjomba kila baada ya maneno mawili. Nyumba imebaki kuta na nusu ya paa, akanieleza kama vile sijui, na kuna mwanamke wa Mute na wanawe aliyewekwa mumo na sekretario mpya watu walipokuwa wanarudi. Yeye anaidai kuwa ni ya mama yake. Hati zimeungua, na sekretario anataka mtu aliyeishi mle atoe ushahidi. "Wote wamekufa," akasema. "Umebaki weye."

"Unataka niseme nini?"

"Useme ulichokiona tu, mkaza mjomba. Nyumba ilikuwa ya mjomba, ikaja kwa mama. Tukiipata, kile chumba ni chako mpaka ufe. Hutalala tena kwenye kibanda cha watu."

Nilimwambia nitalifikiri. Rabia alisema jioni nzima nikubali, chumba ni chumba, mvua inakuja. Wako pia wanaosema nikadai kwa jina langu mwenyewe, mwalimu hayupo tena wa kunikatalia. Labda ningedai. Siku ya kutoa ushahidi nilikwenda kwenye ile nyumba na akili hiyo nusu. Lakini nilipoingia, mwanamke wa Mute alikuwa amekaa pale sebuleni anamenya muhogo, mtoto mgongoni. Alinipa kigoda chake cha pekee, yeye akahamia sakafuni. Hakuniuliza mie nani. Alimtazama Momade, akamtazama sekretario, akanitazama mie, kisha akaanza kumenya muhogo polepole zaidi, masikio yote yako kwetu. Nilikuwa naujua ule umenyaji.

Sekretario mpya ni kijana, ana haraka. "Mama, uliishi katika nyumba hii?"

"Niliishi."

"Unamjua aliyekuwa mwenyewe baada ya mumeo kufa?"

Momade akanitikisia kichwa kunitia moyo.

"Simjui, mwanangu," nikasema. "Wakati ule mie nilikuwa na eda. Nilikuwa chumbani, pazia limeshushwa. Sebuleni sikufika. Sikuona mtu wala hakuna mtu aliyeniona."

Sekretario akamwambia Momade kwamba basi hana shahidi, nyumba inabaki na aliyemo, akaondoka kwenda kwenye shughuli nyingine. Mwanamke wa Mute aliacha kumenya. Momade alinifuata hadi nje. "Umesema uongo, mkaza mjomba," akanambia. "Weye eda ile hukuikaa. Kila mtu anajua."

"Mama yako ndiye aliyeniogesha," nikamwambia. "Nenda kamwulize."